Ulinzi wa Harry na Meghan unalipwa na nani: jinsi ya kuikagua hesabu mwenyewe

Juzi jioni hapa Isevya, Tabora, kwenye kahawa watu nusura wagombane kisa Prince Harry, mtoto wa Mfalme Charles wa Uingereza, na mkewe Meghan, mmoja anasema Waingereza wanamwaga mabilioni kuwalinda huko Marekani, mwingine anasema hapana Wamarekani ndo wanalipa, kijana mmoja akanigeukia, mzee si ulikuwa mhasibu halmashauri, hebu tuamulie. Nimeona bora niandike namna ya kukagua, maana hela ya umma ni hela ya umma hata iwe ya wapi.

Kwanza achana na kiasi, uliza inatoka fungu gani. Uingereza wana kitu kinaitwa Sovereign Grant, hela ya kuendeshea shughuli za mfalme, ripoti yake inatoka kila mwaka na mtu yeyote anaisoma, lakini ulinzi hauhesabiwi humo. Ulinzi uko kwa polisi na wizara yao ya mambo ya ndani na jumla yake hawaitangazi. Kwahiyo ukiletewa namba kamili ya ulinzi wa familia yote, muulize huyo mtu kaitoa wapi.

Pili tarehe. Hapa ndo wengi wanachanganya, wanachukua habari ya 2019 wanaisoma kama ya leo. Novemba 2019 walikuwa Kanada bado wana vyeo vyao vya kazi, polisi wa London wakaomba msaada, RCMP ambao ndo polisi wa taifa wa Kanada wakasaidia kulinda. Tarehe 27 Februari 2020 serikali ya Kanada ikasema ndani ya wiki chache inaacha kwa sababu hadhi yao inabadilika, yaani wanaacha kazi za kifalme. Wakahamia Marekani, tarehe 29 Machi Trump akaandika kwamba Marekani hailipi, wenyewe wakajibu hawakuwa na mpango wa kuomba, wameshapanga walinzi wa kuwalipa wenyewe. Harry akaenda mahakamani kudai ulinzi wa polisi kila anapokuwa Uingereza, rufaa yake ikakataliwa tarehe 2 Mei 2025. Kwahiyo pale kahawani wote wawili walikosea.

Tatu, na hili naomba mlishike sana, ichambue namba ina nini ndani. Askari wa hapa Tabora akipelekwa Dodoma wiki mbili kwenye msafara wa mkubwa, mshahara wake angeupata hata angebaki hapa anazunguka Cheyo, kilichoongezeka ni posho ya kujikimu, nauli, mafuta na pa kulala. Sasa mmoja atakuandikia posho tu aseme ulinzi ni rahisi, mwingine atajumlisha na mishahara yote aseme nchi inafilisiwa, na wote hesabu zao zinafunga! Kwa Kanada watu walikuwa wanataja mamilioni ya dola kwa mwaka, nyaraka za RCMP zilipotoka zikaonyesha zaidi kidogo ya dola 56,000 za kwao kwa kama miezi miwili, ila hiyo ni overtaimu, safari, malazi na vitu kama hivyo, mishahara ya kawaida haimo. Ukiitaja namba hiyo bila kutaja kilichoachwa nje unadanganya hata kama hukukusudia, na mimi nimeona hesabu za aina hiyo zikipita kwenye vikao halali kabisa, inaniuma mpaka leo.

Mwisho, unaweza kuuliza mwenyewe ukiwa hapahapa Tabora. Sheria ya Uingereza ya kupata taarifa ya mwaka 2000 haimbagui asiye raia, unatuma imeili kwa wizara au polisi wa London, unaweka jina lako halisi, ni bure, wanatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Usiulize fulani analindwa na askari wangapi, watakwambia hatuthibitishi wala hatukanushi sababu ya usalama. Uliza jumla, kwa mwaka mmoja wa fedha, na uwaambie watenganishe mishahara na gharama za ziada. Wakikataa omba wenyewe wapitie upya uamuzi wao, wakikataa tena peleka malalamiko kwa Kamishna wa Habari wa kulekule. Kanada sheria yao inataka uwe raia au mkazi au uwe umo nchini, kwahiyo kama una ndugu kule mwombe akutumie yeye.