Kubadili beringi ya tairi la mbele la Corolla 110 ukiwa nyumbani

Mlio niliusikia nikitoka Dar, baada ya kupita Chalinze. Ulikuwa kama mvumo wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili: unaanza spidi ikifika 60, unapanda hadi 80, ukiachia mafuta haubadiliki. Nikaweka gia huru kidogo kwenye mteremko, injini ikashuka, mvumo ukabaki palepale. Hapo nikajua si injini, nikashuku beringi ya tairi la mbele. Kilichonisikitisha ni kwamba ilikuwa na miezi miwili tu tangu ibadilishwe gereji. Nilikuwepo siku ile, nikamwona kijana akiigonga kwa nyundo mpaka ikaingia, nami nikanyamaza. Safari hii niliamua kuifanya mwenyewe, uani kwangu Kihonda, na kazi moja tu, ya presi (mashine ya kukandamiza), nikaipeleka kwa mwenye mashine.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli hapa Morogoro. Yeye ndiye aliyenifundisha kuthibitisha kabla ya kufungua, na ninaomba nawe usiruke hatua hii, maana tairi lililolika mabonde huvuma karibu sawa na beringi. Kwanza sikiliza ukikata kona. Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi, mshukiwa ni beringi ya kushoto. Kwetu tunazunguka kipilefti kwa kukata kulia, na pale ndipo yangu ilipolalamika zaidi. Pili, piga jeki, weka stendi, zungusha tairi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi ya shokapu. Beringi iliyokufa utaisikia vidoleni, mkwaruzo mdogomdogo kama mchanga, hata kama sikio halisikii kitu. Tatu, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha jaribu tena. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi. Ukiendelea, tafuta kwenye boli jointi au bushi za armu (viungo vinavyoshika tairi kwa chini), usinunue beringi bure.

Spea usinunue kwa kutaja jina la gari tu. Corolla ni nyingi na beringi zinatofautiana. Nenda na namba ya chesisi, au na ile ya zamani ikishatoka, namba yake imechongwa ubavuni. Koyo, NSK na NTN ni Wajapani wanaoaminika, lakini maboksi yao yanaigwa sana. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe: ya kweli ni masafi na hayafutiki ukisugua kwa kidole chenye mafuta. Zungusha pete ya ndani, itembee laini na nzito kidogo kwa sababu ya grisi. Nunua pamoja na sili mbili, ya ndani na ya nje, pete mpya ya kufungia (inayozuia beringi isitoke) na splitipini, ile pini inayokunjwa ili nati isifunguke.

Vifaa nilivyotumia ni soketi ya 30 kwa nati ya shafti (ekseli inayozungusha tairi), 21 ya nati za tairi, 19 na 17, mpini wa soketi ulio imara, bomba la chuma la mita moja, nyundo ya kilo 2, patasi, plaizi, waya, brashi ya chuma, jeki na stendi mbili. Stendi si hiari. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia, na usiweke tofali. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kukuonya.

Anza gari likiwa chini. Toa splitipini na kile kikofia kinachokaa juu ya nati ya shafti, mwanao akanyage breki, wewe weka bomba kwenye mpini ulegeze nati ya 30. Yangu ilikuwa na kutu, nikaipulizia mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia siku hiyo. Ilegeze tu, usiitoe. Ndipo ulegeze nati za tairi, unyanyue, uweke stendi, utoe tairi na kulisukuma chini ya gari. Stendi ikiteleza, gari litaangukia tairi na si mtu.

Kalipa, inayoshika brekipedi, ina bolti mbili za 17 kwa nyuma. Zifungue, itoe yote na brekipedi zake, uining'inize kwenye springi kwa waya. Isining'inie kwa paipu yake ya breki hata dakika moja. Diski itoke. Ikigoma, ina matundu mawili yenye meno: ingiza bolti mbili za 8, uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe.

Tairodi, fimbo inayogeuza tairi ukikata kona, inahitaji subira. Toa pini na nati, kisha gonga ubavuni mwa lile sikio la chuma ambamo tairodi imeingia, si tairodi yenyewe wala meno yake. Mapigo mawili au matatu mazito, litaachia. Boli jointi ya chini kwenye Corolla hii imeshikwa kwenye armu kwa bolti moja na nati mbili, huna haja ya kuitoa kwenye nako. (Nako ndiyo ninayoita lile pande la chuma linalobeba habu, yaani kitovu kinachofungwa tairi.) Kabla hujagusa bolti mbili za 19 zinazoshika shokapu, chora mstari unaopita juu ya vichwa vya bolti na chuma. Mimi nilichora kwa rangi ya kucha, nyekundu, haifutiki na mafuta. Ukirudisha mistari palepale, tairi halitaegama tofauti na mwanzo.

Kuisukuma shafti nje ya habu, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya shafti, weka kipande cha mbao ngumu, gonga. Meno yakiharibika hapo umeongeza gharama kubwa. Ikilegea, toa nati, inamisha nako kwa nje huku umeishikilia shafti. Usiivute shafti, jointi yake ya ndani inaweza kuachana. Nayo ifunge kwa waya. Sasa nako iko mikononi mwako.

Nikaiosha kwa brashi na dizeli, nikaifunga kwenye gunia, mimi na kijana wangu Baraka tukaipeleka kwa mzee mmoja mwenye presi ya haidroliki. Malipo yalikuwa 15,000. Alipotoa habu, pete ya ndani ya beringi ilibaki imeng'ang'ania juu yake, kama inavyokuwa karibu mara zote. Akaikata kwa grainda mfereji mwembamba, akaacha kabla ya kugusa habu, akapiga patasi mara moja ikapasuka. Kisha akanipa kioo cha kukuzia.

"Mama, weka kidole hapa," akasema.

Nikapitisha kucha kwenye njia ya gololi. Palikuwa na vijishimo vilivyopangana kwa nafasi sawasawa, kama punje kwenye gunzi la mahindi, kila kimoja mahali gololi ilipokuwa imekaa siku nyundo ilipopiga. Grisi ilikuwa imegeuka kahawia na ndani yake vinang'ara vipande vya chuma. Baraka alivihesabu, akanyamaza. Miezi miwili tumemwendesha mdogo wake shule juu ya kitu kile.

Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo, maana ndipo beringi nyingi mpya zinapouawa. Beringi ina pete mbili, ya nje inayokaa ndani ya nako, na ya ndani, yenye vipande viwili, inayobanwa na habu. Katikati kuna safu mbili za gololi. Nguvu ya presi haitakiwi kupita kwenye gololi. Beringi inapoingia kwenye nako, sukuma pete ya nje peke yake. Tumia ile pete ya nje ya zamani, isage kidogo ubavuni ili isije ikakwama ndani. Ikishafika mwisho, weka pete mpya ya kufungia na uhakikishe imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Habu inapoingia, kalisha pete ya ndani ya beringi juu ya kipande cha bomba upande wa nyuma, ndipo usukume habu. Ukikalisha nako yenyewe na kusukuma habu, nguvu yote inapita kwenye gololi, na ile beringi imeshakufa kabla haijaona barabara. Mwambie mwenye presi hivyo kwa heshima, na simama pale uone. Mzee wa presi alijua, ila aliniacha nieleze mpaka mwisho, kisha akafanya hivyohivyo.

Kabla ya habu kurudi, pitisha kucha kwenye shingo yake mahali beringi inapokaa. Kukiwa na mkwaruzo unaoshika kucha, au pamegeuka bluu kwa joto, tafuta habu nyingine. Beringi mpya italegea pale na utarudi kazini baada ya wiki chache. Sili mpya zipake grisi kidogo kwenye midomo yake. Beringi yenyewe usiioshe kwa petroli, grisi ya ndani imetoka nayo kiwandani.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: shafti kwanza, boli jointi, shokapu kwa mistari ya rangi, tairodi na splitipini mpya, diski, kalipa. Futa diski isiwe na mafuta. Nati ya shafti ikaze kwa mkono tu kwa sasa, na usishushe gari chini.

Nati hii ndiyo inayovibana vile vipande viwili vya pete ya ndani ya beringi vikutane kwa kipimo chake. Uzito wa gari ukikaa juu ya beringi ambayo haijabanwa, gololi zinakaa vibaya na unaweza kuiharibu kwa kusukuma gari hatua tatu tu. Kipimo cha Corolla hii ni Nm 216 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia; kilo moja ikining'inia mita moja hutoa Nm 9.8 hivi). Mwenye spana ya kipimo atumie. Mimi sina, nikatumia hesabu. Bomba langu la mita moja lina kilo 2. Uzito wake unahesabiwa katikati, kwa hiyo linaongeza karibu Nm 10. Madumu mawili ya lita 10 yaliyojaa maji, na plastiki yake, yana kilo 21 hivi. Yakining'inia mita moja kutoka katikati ya nati, yanatoa Nm 206. Jumla ni 216.

Bomba liwe upande wa kulia ukiitazama nati, liko juu kidogo ya usawa, Baraka amekanyaga breki. Funga madumu kwa kamba fupi ncha ya bomba, yaache yashuke polepole, usiyatupe. Bomba likishuka chini ya usawa, yatoe, rudisha mpini juu, anza tena. Siku ile tulirudia mara tatu. Mara ya nne bomba lililala mlalo likatulia, madumu hayakufika chini. Weka kikofia. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo, usilegeze nyuma. Ingiza splitipini mpya na uikunje.

Tairi lirudi, nati zake ukaze kwa mtindo wa msalaba, Nm 103. Kisha kaa kwenye kiti, pampu breki mpaka pedeli iwe ngumu, kabla hujawasha gari. Kalipa ikishatolewa, pedeli ukiikanyaga mara ya kwanza huweza kuzama yote, na hutaki kuligundua hilo getini.

Nilikwenda hadi Mikese na kurudi, madirisha wazi, redio imezimwa. Spidi 60, 70, 80. Nilisikia upepo na matairi tu. Nilipofika nyumbani nikagusa katikati ya rimu za mbele zote mbili kwa mgongo wa mkono: ya kushoto ilikuwa ya vuguvugu sawa na ya kulia. Ingekuwa ya moto kupita mwenzake ningefungua tena. Kesho yake asubuhi, gari likiwa limepoa, nikapitisha soketi ya 21 kwenye nati zote nne za tairi. Moja ilisogea robo mzunguko.