Amplifaya ya mtumba toka Japani: igeuze nyuma kwanza kabla hujachomeka

Kama umepata amplifaya ya mtumba, zile nzito za stereo zinazokuja na makontena toka Japani, hongera aisee, mziki wake mtamu sana. Ila kabla hujagusa soketi igeuze nyuma usome. Japani wanatumia volti 100, huku kwetu Tanzania ni 230 na Kenya 240, sasa ukichomeka moja kwa moja fyuzi inakatika hapohapo, na ukikosa bahati transfoma nayo inaungua. Mi ya kwanza niliipoteza hivyo, aliyeniuzia aliniambia we chomeka tu, nikasikia pa! halafu harufu ya kuungua. Iliniuma sana, ndo maana nasisitiza usome mwenyewe.

Ukikuta AC 100V tafuta stepdauni, kile kiboksi cha kushusha volti. Hapa wengi wanakosea, zile za 220 kwenda 110 kwa umeme wetu zinatoa kama 115, amplifaya inachemka bure, we ulizia yenye tundu la 100 kabisa. Wati zake zizidi zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, mi huwa nachukua mara mbili.

Haya, spika. Umeme uwe umechomolewa! Cheki omu (ile namba yenye alama Ω, ukinzani wa spika) zilizoandikwa nyuma ya spika na za kwenye amplifaya, kama amplifaya inataka 8 hadi 16 usiifungie spika za 4, itachemka mpaka ife. Amplifaya zenye matundu ya spika A na B pia angalia, ukiwasha pea mbili za omu 8 kwa pamoja, amplifaya nyingi zinaziona kama 4.

Menya waya kama sentimita 1, sokota nyuzi zisitawanyike maana uzi mmoja tu ukigusa upande wa pili ni shoti. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza moja mziki utalia vizuri tu ila besi haipo, kwa sababu spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na watu wanabeba spika nzima kwa fundi kumbe tatizo ni waya.

Simu au TV pitisha kwenye matundu ya AUX au CD kwa zile waya nyekundu na nyeupe. PHONO achana nayo, hiyo ni ya santuri tu, simu ukiiweka pale sauti inapasuka. TV yenye tundu la optiko peke yake inataka kile kiboksi kinaitwa DAC, kinachogeuza sauti ya kidijitali iingie kwenye waya hizo.

Kuwasha: voliyumu sifuri, besi na trebo katikati, sauti ya simu iweke karibu na mwisho halafu ndo upandishe amplifaya taratibu. Ikianza kukwaruza rudisha haraka, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, nyingi zinaungulia hapo. Na jamani vile vitambaa vya kufuma msiviweke juu ya amplifaya, yale matundu ndo yanatoa joto!

Mwisho tenganisha spika kama mita 2, we kaa mbele katikati yao umbali huohuo, weka wimbo unaoujua vizuri, ufumbe macho. Sauti ya mwimbaji ukiisikia inatokea pale katikati pasipo na spika, basi waya zako umefunga sawa.