Namna ya Kurekodi Kumbukumbu za Simu za Vibandani

Simu za umma zinaondoka haraka kuliko watu waliozitumia. Ubelgiji iliondoa kibanda chake cha mwisho mwaka 2015, na mwezi Mei 2022 jiji la New York liling'oa simu ya mwisho ya umma iliyokuwa mali ya jiji. Waliosimama kwenye vibanda vya namna hiyo, sarafu mkononi na foleni nyuma yao, bado wapo kwa wingi, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kurekodi masimulizi yao, yawe ya mzazi, ya jirani au ya mfanyakazi mstaafu wa shirika la simu. Rai yangu ni moja: ulizia mashine kabla ya kuulizia hisia. Anayeulizwa alijisikiaje hujibu kwamba zamani kulikuwa kuzuri, na mazungumzo yakaishia hapo. Anayeulizwa kama sarafu aliitumbukiza kabla ya mwenzake kupokea au baada ya kupokea huanza kuyakumbuka mengine bila kusukumwa.

Kwa hiyo maandalizi yaliyo muhimu zaidi ni kuzijua mashine zenyewe, kwani ndizo zitakazokusaidia kuipa kumbukumbu tarehe pale msimulizi anaposema tu kwamba ilikuwa zamani. Simu ya umma ya kutumia sarafu ilianza Hartford, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1889, nayo ilitokana na ubunifu wa William Gray. Katika simu nyingi za zamani, sarafu ilipokuwa ikishuka iligonga kengele ndogo, na mhudumu wa simu aliyekuwa akisikiliza upande wa pili alitambua kwa mlio kiasi kilicholipwa. Uingereza kulikuwa na mashine zenye vitufe viwili, A na B: mpigaji alitanguliza sarafu, akabonyeza A pale alipojibiwa ili sauti yake isikike, au akabonyeza B ili arudishiwe fedha zake pasipo na wa kupokea. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, vitufe hivyo vilianza kupisha mashine za aina nyingine, ambapo mpigaji alisikia milio mifupi ya haraka baada ya simu kupokelewa, kisha ndipo akasukuma sarafu. Kadi za simu zilifuata, zikianzia Italia mwaka 1976. Msimulizi aliyekulia Uingereza akikueleza jinsi watoto walivyokuwa wakipita vibandani kubonyeza kitufe B, wakitumaini kupata sarafu zilizosahauliwa, tayari amekuambia kipindi anachokizungumzia, hata kama mwaka wenyewe haukumbuki.

Unapokaa naye, mpe kitu cha kushika. Sarafu ya wakati ule au kadi iliyokwisha salio inafaa sana. Ukivikosa, chora kwenye karatasi duara lenye matundu kumi ya namba, umwombe apige namba aliyokuwa akiipiga mara nyingi. Wapo ambao hawawezi kuitaja namba kwa mdomo lakini kidole chao kinaijua. Kisha mwache apite hatua kwa hatua: sarafu alizichenji wapi, alizipanga vipi juu ya simu, alisema nini kwanza akijua muda ni mfupi, na alikata vipi fedha zilipoisha kabla ya maneno. Ulizia pia ujanja, maana hapo ndipo masimulizi yananoga. Kulikuwa na simu iliyoachwa iite mara moja na kukatwa, ikiwa ishara kwamba msafiri amefika salama, na kulikuwa na simu ya kulipiwa na mpokeaji, ambapo mtu aliyetakiwa kutaja jina lake alitaja ujumbe mzima, mpokeaji akakataa kulipa, na habari ikawa imekwisha kufika bila gharama. Usimsahihishe anaposimulia haya, wala usimharakishe anaponyamaza.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni ile ya simu za masafa marefu, kwa kuwa wasimulizi huchanganya vipindi vitatu au vinne kuwa kimoja. Huduma ya simu kati ya London na New York ilipoanza mwezi Januari 1927, ilipita kwa mawimbi ya redio, na dakika tatu ziligharimu pauni 15. Kebo ya kwanza ya simu kuvuka Bahari ya Atlantiki, TAT-1, ilifunguliwa mwaka 1956 ikiwa na njia 36 tu, na ndiyo maana watu waliweka miadi ya kupiga simu, wakangoja mhudumu awaite. Kupiga moja kwa moja bila mhudumu kulianza kwa mwendo tofauti kila nchi: Marekani, simu ya kwanza ya namna hiyo kutoka pwani hadi pwani ilipigwa mwaka 1951 kutoka Englewood, New Jersey, kwenda Alameda, California; nako Uingereza, Malkia Elizabeth II alizindua huduma hiyo mwaka 1958 kwa kupiga simu kutoka Bristol kwenda Edinburgh. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: ni nani aliyekuunganisha?

Swali la pili ni kuhusu sauti. Akikumbuka kwamba walikuwa wakidakiana maneno, kila mmoja akianza kusema wakati mwenzake naye anaanza, yamkini simu yao ilipita kwenye satelaiti, jambo lililowezekana kibiashara tangu mwaka 1965. Satelaiti ya aina hiyo iko umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya Ikweta, na sauti kupanda na kushuka huchukua kama robo ya sekunde, hivyo jibu halirudi kabla ya nusu sekunde. Kebo za nyuzi za kioo, ambazo chini ya Atlantiki zilianza na TAT-8 mwaka 1988, zilipunguza sana tatizo hilo. Baadaye zikaja simu za intaneti: Skype mwaka 2003, na simu za sauti za WhatsApp mwaka 2015, ambapo umbali uliacha kuhesabiwa katika malipo. Muulize ni lini aliacha kutazama saa akiwa anaongea na mtu wa mbali. Binafsi naliona swali hili kuwa na faida kuliko kumwuliza alinunua lini simu ya mkononi, kwa sababu wengi waliimiliki simu hiyo miaka mingi kabla ya kuacha kuhesabu dakika.

Kuhusu kuhifadhi, maneno machache yanatosha. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, andika tarehe na mahali pa mahojiano, na weka nakala zaidi ya moja. Namba kamili za simu zinazotajwa zifiche katika nakala utakayoitoa kwa wengine, kwa kuwa huenda leo zinatumiwa na watu wasiohusika. Mwisho, mrudie msimulizi umsomee ulichoandika. Akibadilisha jambo, usifute maneno yake ya mwanzo, bali ongeza masahihisho chini yake pamoja na tarehe aliyoyatoa.