Popo wala wadudu na kichaa cha mbwa: kufuatilia na kudhibiti

Ukitaka kuzuia popo wala wadudu wasieneze kichaa cha mbwa, usianze na sumu. Mbweha huchanjwa kwa chambo chenye chanjo kinachotupwa porini, lakini popo hawa hunasa wadudu angani na chambo hawakigusi. Ukiwafukiza moshi darini, walio hai hutawanyika na dhaifu huangukia vyumbani. Isitoshe, nchi nyingi zinawalinda kisheria. Kinachobaki ni kumgundua popo mgonjwa mapema na kuwatenga popo na watu.

Wa kutiliwa shaka ni popo anayeonekana mchana, aliyelala chini, asiyeweza kuruka, au aliyekamatwa na paka. Vaa glavu nene, mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha funga kwa utepe wa gundi. Kosa la kawaida ni kumfungulia dirisha kabla ya kuuliza nani alilala chumbani humo. Jino lake ni dogo mno. Alama huweza isionekane kabisa. Kama alikutwa na mtoto mdogo, mlevi au mtu aliyekuwa usingizini, popo huyo apelekwe kupimwa.

Kipimo hufanyika kwenye ubongo, kwa hiyo popo aliyepondwa kichwa hana faida maabara. Mzoga uwe ndani ya mifuko miwili, kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Usiugandishe kama unafika haraka, maana kuganda na kuyeyuka huharibu tishu. Usiutie fomalini pia. Andika tarehe, mahali, na nani au mnyama gani aliguswa. Maabara ikiweza, itambue na aina ya popo: bila hiyo hutajua virusi vinazunguka kwa nani.

Unaposoma matokeo, weka hesabu ya popo wote waliopimwa, si waliokutwa na virusi tu. Nchini Marekani takriban 6 kati ya kila popo 100 wanaopelekwa maabara hukutwa na virusi, lakini hao ni wale waliookotwa wakiwa hoi. Wanaoruka kawaida ni chini ya 1 kwa 100.

Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kurukiwa mate machoni au mdomoni aoshe kwa maji mengi dakika 15, jeraha kwa sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri dalili, kwani zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazochomwa ndani na kandokando ya jeraha. Paka na mbwa wachanjwe hata wale wa ndani, kwani popo huingia wenyewe.

Kuwatoa darini, kaa nje jioni mbili tatu, tangu jua linapozama, uone wanakotokea. Ziba kila upenyo unaozidi milimita 6, isipokuwa ule wanaoutumia. Hapo tundika wavu laini kutoka juu, uning'inie sentimita 60 chini ya tundu, pembeni ushikizwe na chini uachwe wazi: hutoka, hawarudi. Subiri usiku 5 hadi 7, hakikisha hakuna anayetoka, ndipo uzibe. Usifanye hivyo wakati wa watoto wasioruka. Mama akifungiwa nje, watoto hufa ukutani au hutambaa hadi vyumbani.

Kinyesi hakiambukizi kichaa cha mbwa, ila vumbi lake huweza kubeba kuvu wa mapafu. Kilowanishe kwa maji kabla ya kukifagia, nawe uvae barakoa ya kuchuja vumbi.