Kondomu Ikipasuka: La Kufanya Ndani ya Saa 72

Kondomu ikipasuka, au ukishiriki ngono bila kinga na mtu usiyejua hali yake, usisubiri kesho kutwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo wahudumu huziita PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo uwezo wake unavyopungua. Nenda kituo cha afya chenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU; ikiwa ni usiku, nenda kitengo cha dharura cha hospitali. Aliyebakwa naye awahi hospitali, na kwa vyovyote asione haya, kwani kosa si lake. Usijisafishe ndani ya uke kwa sabuni wala ndimu, kwa sababu huchubua ngozi laini na kuongeza hatari.

Utapimwa VVU kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kuambukizwa huanzishiwa tiba kamili badala ya PEP. Dawa humezwa kila siku kwa siku 28, na hapa ndipo wengi hukwama: kichefuchefu cha siku za mwanzo huwafanya waziache. Jaribu kumeza baada ya chakula cha jioni, na ukizidiwa, rudi kwa mhudumu kabla ya kuacha. Uliza pia kuhusu kaswende, kisonono, homa ya ini B na, kwa mwanamke, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

Tumia kondomu mpaka upimwe tena baada ya miezi mitatu. Mafuta ya nazi na ya mgando hudhoofisha mpira wake. Tumia kilainishi cha maji.