Namna ya Kuisoma Picha ya Kejeli ya Sala ya Mbinafsi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 18 na ile ya mwanzo ya karne ya 19, maduka ya picha ya London yaliuza kwa wingi chapa za kejeli zilizochorwa kwenye mabamba ya shaba. Miongoni mwake kuna kundi dogo linalostahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko lilivyozoeleka kusomwa, nalo ni la picha zinazomwonyesha mtu wa kazi au hali fulani akiwa amepiga magoti, akimwomba Mungu jambo litakalomfaa yeye peke yake. Tabibu tapeli huomba maradhi yasiishe, mwanasheria huomba majirani wagombane, na mfanyabiashara wa mazishi huomba jambo ambalo sote tunalijua kwa maneno mawili tu: kufa kufaana.

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya picha za chapa kwa ajili ya katalogi, na mwongozo huu nimeuandika kwa wanafunzi wa sanaa, walimu na wahifadhi wa nyaraka wanaotaka kuzielewa picha hizi bila kuishia kwenye kicheko cha mara ya kwanza. Jambo ninalosisitiza ni moja. Sala ya mbinafsi ina mlipaji wake, na mara nyingi mlipaji huyo hayumo pichani. Mwenye kuisoma picha vizuri ni yule aliyemtafuta mtu huyo mpaka akampata.

Hatua ya 1: Pata nakala unayoweza kuikuza

Usifanye kazi kwa picha ndogo iliyonakiliwa mara nyingi, kwa sababu nusu ya maana iko kwenye maandishi madogo. Makumbusho ya British Museum mjini London, Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na maktaba ya Lewis Walpole iliyoko Farmington, Connecticut, zote zina mikusanyo mikubwa inayoweza kutazamwa kwenye intaneti bila malipo. Mkusanyo wa Washington ulinunuliwa mwaka 1921 kutoka maktaba ya kifalme ya Windsor, na ndiyo maana picha zilizowadhihaki wafalme wa Uingereza leo zinasomwa Marekani zikiwa katika hali nzuri sana.

Andika mapema namba ya katalogi ya British Museum. Namba hizo zilianza katika juzuu za F. G. Stephens za karne ya 19 na kuendelezwa na M. Dorothy George kati ya mwaka 1935 na 1954, na hadi sasa ndizo zinazotumiwa na wataalamu wa nchi zote kuhakikisha kwamba wanazungumzia picha ileile.

Hatua ya 2: Anza chini kabisa ya picha

Kabla ya kumtazama anayesali, soma mstari mwembamba ulio chini ya mchoro. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1735, ambayo mchoraji William Hogarth aliipigania, ilimlinda mwenye bamba dhidi ya wanaoiga kazi yake kwa miaka 14, mradi bamba liwe na jina lake na tarehe ya kutolewa. Kwa hiyo mara nyingi utakuta jina la mchapishaji, anwani ya duka na siku yenyewe.

Anwani hueleza mengi kuhusu mnunuzi. Duka la Hannah Humphrey lilikuwa 27 St James's Street, karibu na vilabu vya wakubwa, na la S. W. Fores lilikuwa 50 Piccadilly, ambako majalada ya picha yalikodishwa kwa jioni moja ili wageni wayapitie baada ya chakula. Thomas Tegg wa 111 Cheapside alikuwa katikati ya mtaa wa biashara, akiwauzia kwa bei ya chini watu ambao wasingeingia kwa Humphrey. Sala ya baharia iliyotundikwa Cheapside ilisomwa na watu tofauti na wale ambao wangeisoma St James's Street.

Tahadhari mbili hapa. Wachapishaji walinunua mabamba ya zamani na kuyachapa upya, hivyo tarehe iliyo kwenye bamba si lazima iwe tarehe ya karatasi uliyonayo. Ikiwa katalogi inataja mwaka ulio kwenye alama ya maji, yaani alama ya mtengenezaji inayoonekana karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, basi chapa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Vilevile rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Usijenge hoja kubwa juu ya koti jekundu ambalo katika nakala nyingine ni la buluu.

Hatua ya 3: Tazama mwili na vifaa kabla ya kusoma maneno

Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, au yaache nje ya kioo cha kompyuta, kisha ueleze kwa maandishi unachokiona: magoti yako juu ya nini, mikono imekutanishwa au imenyooshwa, macho yanaelekea mbinguni au kwenye mfuko. Kila mtu katika picha hizi hutambulishwa kwa vifaa vya kazi yake, na vifaa hivyo mara nyingi vimewekwa mahali ambapo mtazamaji wa zama hizo angetarajia kuona kitabu cha sala au msalaba.

Hatua hii haichukui muda mrefu, lakini usiiruke.

Hatua ya 4: Nakili maneno yote kama yalivyo

Sala huandikwa ndani ya kiputo kinachotoka kinywani mwa msemaji, au chini ya mchoro. Nakili kila neno pamoja na makosa ya tahajia, herufi kubwa zisizo na sababu na alama za mshangao, kwani mchoraji aliweza kuyatumia hayo kuonyesha elimu ya msemaji au lafudhi yake. Baada ya hapo ndipo uandike tafsiri yako kwenye mstari mwingine, ukitumia lugha ya sala inayofahamika kwa wasomaji wako. Kama maneno yameiga Baba Yetu, tafsiri yako nayo isikike kama Baba Yetu, maana bila mwangwi huo kejeli yote inapotea.

Hatua ya 5: Uliza nani atalipa sala ikijibiwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chora safu tatu kwenye karatasi. Katika ya kwanza andika anayeomba, katika ya pili anachoomba, na katika ya tatu andika mtu atakayepata hasara Mungu akikubali. Kwa mwanasheria safu ya tatu ni wale majirani wawili, na hapo tunakumbuka kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wazo hili ni la kale sana. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata, mwandishi wa kejeli wa Kigiriki, alimwonyesha Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, akifunua vifuniko vya matundu na kusikiliza dua zinazopanda kutoka duniani, ambapo mmoja anaomba baba yake afe upesi, mabaharia wanaomba pepo zinazopingana, na mkulima anaomba mvua huku dobi akiomba jua. Wachoraji wa London waliirithi hoja hiyo na kumpa kila mwombaji nguo za zama zao.

Sasa chukua mfano mmoja na uufanyie kazi hadi mwisho. Tegg alitoa picha iitwayo Equity, or a Sailor's Prayer before Battle, yaani Haki, au Sala ya Baharia kabla ya Mapigano, ikiwa na maelezo kwamba ni kisa cha vita vya Trafalgar vya tarehe 21 Oktoba 1805, ambapo Waingereza walizishinda baharini meli za Ufaransa na Hispania. Baharia amepiga magoti kwenye sitaha. Afisa anamshangaa kwa kusali wakati adui anawajia, akamwuliza kama anaogopa. Baharia anajibu kwamba haogopi hata kidogo. Anachoomba ni risasi za adui zigawanywe kwa uwiano uleule wa fedha za nyara, yaani malipo yatokanayo na meli za adui zilizotekwa, sehemu kubwa iende kwa maafisa.

Ukiishia kwenye safu tatu, baharia ni mbinafsi kama wengine, na walipaji ni wakubwa wake. Lakini neno uwiano linamtaka msomaji ajue hesabu, na mtazamaji wa Cheapside aliijua. Kwa kanuni iliyotumika hadi mwaka 1808, thamani ya meli iliyotekwa iligawanywa mafungu manane. Nahodha peke yake alipata mafungu matatu, akitoa moja kwa admirali aliyekuwa juu yake. Fungu moja waligawana maluteni na wenzao wa daraja hilo, mawili yakaenda kwa maafisa wa vyeo vya kati na vya chini, na mawili yaliyobaki yakagawanywa kwa mabaharia wote wa kawaida. Katika meli kubwa kama Victory, iliyokuwa na watu zaidi ya 800, mafungu hayo mawili yalikuwa ya mamia ya watu.

Hesabu ya Trafalgar yenyewe inaonyesha jambo hilo waziwazi. Meli nyingi zilizotekwa ziliangamia katika dhoruba iliyofuata, zikabaki nne tu. Kila nahodha alipata pauni 973 za nyara, na baharia wa kawaida pauni 1, shilingi 17 na peni 6. Bunge lilipoongeza pauni 300,000 kuwafidia, nahodha alipata nyingine 2,389 na baharia pauni 4, shilingi 12 na peni 6. Mgawo wa nyara wa nahodha ulikuwa zaidi ya mara 500 ya ule wa mtu aliyesimama kwenye mzinga pamoja naye, chini ya moto uleule.

Kwa hiyo rudi kwenye safu ya tatu na uongeze ya nne: nani analipa sasa, kabla sala haijajibiwa? Jibu ni baharia. Ndiyo sababu kichwa cha picha ni Haki. Sala yake imechukua utaratibu ambao maafisa waliuona kuwa wa haki kabisa na kuutumia kwenye kifo badala ya kwenye fedha. Kwa maoni yangu hii ndiyo picha bora ya kundi lote, kwa kuwa ubinafsi unaofichuliwa ni wa mtu aliyesimama, wala si wa aliyepiga magoti.

Hatua ya 6: Amua kejeli inampiga nani

Msomaji muumini anaweza kukwazika, na swali lake ni la haki: je, picha hizi zinaidhihaki sala? Swali hilo lilifika mahakamani. Mwezi Desemba 1817 muuza vitabu William Hone alishtakiwa kwa kukufuru katika kesi tatu mfululizo, tarehe 18, 19 na 20, katika ukumbi wa Guildhall mjini London, kwa sababu ya kuchapisha maandishi yaliyoiga katekisimu, litania na kanuni ya imani. Ndani ya katekisimu hiyo mwanasiasa anayekula mshahara wa serikali anafundishwa Baba Yetu ya kwake, akimwomba Bwana aliye kwenye Hazina ya serikali ampe mapande yake ya kawaida na asimwondoe kwenye cheo chake.

Hone alijitetea mwenyewe, akileta mahakamani lundo la maandishi ya zamani yaliyoiga maneno matakatifu pamoja na picha za mchoraji wa kejeli James Gillray, na hoja yake ilikuwa kwamba anayeiga maneno matakatifu si lazima awe anayacheka, kwa kuwa anaweza kuyatumia kumcheka mtu mwingine. Mara zote tatu alionekana hana hatia, ingawa katika kesi mbili za mwisho aliyeketi kitini alikuwa Jaji Mkuu Lord Ellenborough mwenyewe.

Tumia kipimo hicho. Ondoa sala pichani na uweke ombi la kawaida, kwa mfano barua kwa mkubwa. Kama mtu huyo bado anachekesha, basi kejeli ni yake. Watazamaji wa London walilelewa na habari ya Mfarisayo na mtoza ushuru katika Luka 18, nao walijua tangu utotoni kwamba mtu anaweza kusimama hekaluni akajisali mwenyewe.

Hatua ya 7: Andika maelezo, na usibebe tusi la mchoraji

Si kila picha ya kundi hili ina haki kama ile ya baharia. Mwanamke asiyeolewa anayeomba mume alichekwa kwa hali yake tu, na Wayahudi na Wamethodisti walichorwa kwa chuki ambayo hatuna sababu ya kuirudia. Jaribu safu ya tatu: ikiwa hakuna anayepata hasara sala ikijibiwa, basi hakuna ubinafsi wa kufichua, na kilichobaki ni dharau. Liandike hilo wazi kwenye maelezo, kwa sentensi moja isiyo na ukali.

Maelezo yako yafuate mpangilio huu: mbinu, tendo, maneno, mazingira. Kwa picha ya Tegg mimi ningeandika hivi: "Chapa ya bamba la shaba lililochorwa kwa tindikali, imepakwa rangi kwa mkono. Kwenye sitaha ya meli ya kivita baharia amepiga magoti. Afisa anamwuliza kama anamwogopa adui, naye anajibu kwamba anaomba risasi zigawanywe kama fedha za nyara, sehemu kubwa kwa maafisa. Picha inakosoa mgawo wa nyara uliokuwapo kabla ya mabadiliko ya mwaka 1808, ambao ulimpa nahodha mafungu matatu kati ya manane."

Chini yake weka namba ya katalogi, jina la mchapishaji na anwani, kisha maneno ya utafutaji: sala, baharia, nyara, Trafalgar, maafisa. Ongeza pia jina la mlipaji uliyemwandika kwenye safu ya tatu, ili anayetafuta picha kuhusu majirani waliogombana aweze kuifikia ile ya mwanasheria.