Mama yuko Pemba, wewe uko ughaibuni: ya kuuliza kabla ya upasuaji wa kwapa

Simu ikija kutoka Wete au Mkoani kwamba mama ana uvimbe wa titi na anatakiwa apasuliwe, sisi tulio nje hukimbilia tunachokiweza: pesa. Tuma, lakini kwanza uliza: kwapa litafanywaje?

Saratani ya titi ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia tezi za kwapani. Zamani ziliondolewa nyingi kwa pamoja ili ijulikane imefika wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Marekani, David Krag na Armando Giuliano, walionyesha njia nyepesi: alama hudungwa kwenye titi, ikafuatwa inakokwenda, zikatolewa tezi chache tu zinazoipokea mwanzo. Zikiwa safi, nyingine huachwa.

Faida yake ni mkono. Tezi nyingi zikitolewa, majimaji hukosa njia na mkono unaweza kuvimba kwa miaka, ukawa unashika maambukizi hata kwa mchubuko mdogo. Kwa mama anayekuna nazi, anayechambua karafuu au kufunga mwani kwenye kamba bahari ikitoa, hilo si dogo.

Alama zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni rangi ya buluu, mpasuaji huiona kwa macho. Ya pili ni teknetiamu, dawa ya mionzi kidogo inayotafutwa kwa kifaa maalumu. Nguvu yake hupungua nusu kila saa 6, basi inataka kitengo cha tiba ya nyuklia kilicho karibu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inacho. Rangi peke yake nayo hufanya kazi kwa mpasuaji aliyeizoea, ingawa zote mbili pamoja hukosea mara chache zaidi. Kwa hiyo muulizeni bila haya: njia hii unaifanya mara kwa mara?

Rangi ikiwa ni methilini buluu, daktari aambiwe mapema kama mgonjwa ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao pwani yetu haukosekani, au anatumia dawa za sonona. Mkojo ukitoka buluu au kijani baada ya hapo, asishtuke.

Atakayeongozana naye aulize pia: kwapa limepimwa kwa ultrasaundi? Tezi iliyoonekana mbaya imetolewa chembe kwa sindano zikapimwe? Ikishathibitika kuwa saratani imo, mpango hubadilika, na wengine huanzishiwa dawa kabla ya kisu. Tuseme kweli, wengi kwetu hufika hospitali wamechelewa, kwa hiyo jibu hilo lisiwashangaze.

Kipande kitakachotolewa kitiwe kwenye fomalini, si maji ya chumvi. Ombeni nakala ya majibu yenye ER, PR na HER2 (vipimo vya uvimbe vinavyosaidia kuchagua dawa), na muulize vipande vya nta, yaani nyama ya uvimbe iliyogandishwa ndani ya nta, vitahifadhiwa wapi. Ukitaka daktari wa huko uliko atoe maoni, atataka hivyo kuliko maelezo yako ya simu.

Wala usimpigie daktari kabla mama hajaridhia. Huenda hata kaka zako hajawaambia. Mwachie dada au shangazi aliyemchagua mwenyewe awe msemaji.

Akivuka kwenda Dar, hesabu nauli ya boti na malazi ya watu wawili, kisha uliza kama tezi zitasomwa maabara papo hapo, upasuaji ukiendelea, au baadaye. Zikisomwa baadaye, huenda akahitaji kurudi chumba cha upasuaji, na malazi yakaongezeka.